Paka mkali na brashi: somo lililotoka Johannesburg

Kuna paka anayekula vizuri, analala kwenye kochi, na jioni anamsubiri mwenye nyumba mlangoni, lakini ole wake atakayejaribu kumchana manyoya. Mkono ukigusa mgongo tu, mkia unaanza kupigapiga, masikio yanalala, na kufumba na kufumbua kidole kinavuja damu. Jirani atasema paka huyo ana roho mbaya. Mwingine atashauri aviringishwe kwenye gunia, ashikiliwe na watu wawili, akatwe kucha, mambo yaishe.

Yataisha siku hiyo. Siku ya pili akimwona mtu na mkasi atapanda juu ya kabati, maana kile alichofundishwa amekielewa barabara.

Madaktari wa mifugo hawaanzi na tabia, wanaanza na mwili. Paka ni hodari wa kuficha maumivu. Hachechemei wala halii, anachofanya ni kumng'ata anayegusa pale panapouma. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 uliwapiga picha za eksirei paka 100 wa rika mbalimbali, na zaidi ya 90 kati yao walionekana na dalili za ugonjwa wa viungo. Ongeza hapo jino bovu, jipu lililobaki baada ya ugomvi na shume wa mtaani, viroboto, au manyoya yaliyosokotana mpaka yanavuta ngozi kila paka anapopiga hatua. Paka wa aina hii anahitaji kutibiwa kabla ya kufundishwa chochote. Na asipewe Panadol hata robo kidonge, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja paracetamol iliyomo, na inaweza kumuua. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin nayo ni sumu kwake.

Akishaonekana mzima, ndipo historia yake inapoulizwa. Katika miaka ya 1980, mtafiti Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple huko Philadelphia alionyesha kwamba paka hujifunza kumwamini binadamu zaidi akiwa na umri wa kati ya wiki ya pili na ya saba. Mtoto wa paka aliyeshikwashikwa na watu katika wiki hizo hukua akiona mkono ni kitu cha kawaida. Sasa fikiria paka wetu wengi. Wanazaliwa nyuma ya soko la samaki au chini ya kontena, na mtu anakuja kuwaokota wakiwa na miezi mitatu, wakati wiki hizo zimeshapita. Ukali wa paka kama huyo haukuletwa na malezi ya aliyemwokota. Ni hofu aliyokuja nayo, na hofu inaweza kupunguzwa.

Namna ya kuipunguza ilijaribiwa kwa paka wenyewe, tena hapa Afrika. Joseph Wolpe alikuwa daktari wa Afrika Kusini aliyewatibu wanajeshi waliotoka Vita Kuu ya Pili wakiwa na hofu isiyoisha, na hakuridhika na matibabu ya wakati huo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, akiwa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, alichukua paka na kuwatia hofu makusudi: aliwaweka kwenye kizimba na kuwapiga shoti ya umeme. Ni ukatili ambao leo ungekwama kwenye kamati ya maadili. Paka wale wakagoma kula ndani ya kizimba hata waliposhindishwa njaa, na hofu ikasambaa mpaka kwenye maabara yenyewe na vyumba vinavyofanana nayo.

Kisha Wolpe akaanza kurudi nyuma. Aliwapa nyama kwenye chumba kisichofanana sana na maabara. Walipokula kwa utulivu, alihamia chumba kinachofanana nayo kidogo zaidi, halafu maabara yenyewe, halafu karibu na kizimba, na mwisho ndani ya kizimba. Wengine aliwasogezea vipande vya nyama kwenye ncha ya fimbo aliyoishika mkononi. Hofu ikafifia, na paka wakala palepale walipopigwa shoti. Kitabu chake cha mwaka 1958 kiliingiza njia hiyo katika tiba ya binadamu, na hadi leo mtu anayeogopa lifti au ndege hutibiwa kwa mbinu zilizotokana nayo.

Nyumbani, brashi ndiyo kizimba. Siku za mwanzo haimgusi paka kabisa. Inawekwa sakafuni, mbali kiasi kwamba anaiona na bado anaendelea na shughuli zake. Ikitokea brashi, kinafuata kipande cha dagaa au cha kuku wa kuchemsha asiye na chumvi wala kitunguu, maana kitunguu huharibu damu ya paka. Brashi ikiondolewa, chakula nacho kinakoma. Mpangilio huo usipinduliwe. Wengi hutanguliza chakula ili kumvuta paka, kisha wakachomoa brashi, na matokeo yake paka anaanza kushuku hata dagaa. Kwa paka anayerusha makucha, nyama ipelekwe kwa kijiko chenye mpini mrefu, kama ile fimbo ya Wolpe.

Paka akishakuwa anaitazama brashi kwa hamu, mgongo wa brashi uguse shavu mara moja. Chakula. Siku nyingine, mara mbili. Baadaye meno ya brashi yapite mara moja shingoni. Kila kikao ni dakika moja au mbili, kabla ya mlo, na kinakatishwa paka akiwa bado mtulivu. Akiacha kula, ngozi ya mgongo ikitetemeka au mboni zikitanuka, hatua ilikuwa kubwa mno. Kikao kijacho kinaanzia hatua ya nyuma. Kazi hii huchukua wiki kadhaa, na kwa wengine miezi. Anayetaka matokeo Jumamosi hii atatoka na mikwaruzo.

Mahali pa kugusa pana uzito wake. Timu ya mtafiti Sarah Ellis ilichapisha mwaka 2015 utafiti uliolinganisha sehemu za mwili, na paka walichukia zaidi kuguswa kwenye shina la mkia. Mashavu, kidevu na eneo lililo kati ya jicho na sikio ni salama zaidi. Huko kuna tezi za harufu ambazo paka mwenyewe huzisugua kwenye miguu ya watu na ya meza. Mwaka 2021 watafiti wa Nottingham Trent nchini Uingereza waliwafundisha watu kwa dakika chache tu wamwache paka aanzishe mwenyewe, wasome dalili zake na wachague pa kumgusa. Paka 100 waliotumika katika jaribio hilo walionyesha ukali mdogo zaidi kwa watu waliofuata mafunzo hayo. Kumwinua paka mzima kwa ngozi ya shingo, jambo linalofanywa na wengi kwa kisingizio kwamba mama yake alimbeba hivyo, hakushauriwi tena na miongozo ya madaktari wa paka ya mwaka 2022.

Manyoya yaliyokwisha kushikana hayasubiri mafunzo. Mkasi ni hatari hapo, kwa kuwa ngozi ya paka ni nyembamba na huvutwa ndani ya fundo la manyoya bila kuonekana. Daktari hunyoa kwa mashine, na paka mkali sana hupewa dawa ya usingizi, au dawa ya kumtuliza anayomezeshwa nyumbani saa chache kabla. Paka anaweza kuzoeshwa hata kasha la kumbebea. Watafiti wa Vienna waliwafundisha paka 11 kuingia kwenye kasha kwa kutumia chakula, na mwaka 2018 waliripoti kwamba paka hao walikuwa watulivu zaidi njiani kuliko wenzao 11 wasiofundishwa, na hata uchunguzi wa daktari uliisha mapema.

Na akikung'ata, usidharau: meno ya paka ni membamba kama sindano. Yanapenya ndani, tundu linajifunga juu, na bakteria aina ya Pasteurella wanabaki chini. Theluthi hadi nusu ya majeraha ya kung'atwa na paka huingia maambukizi, mara nyingi ndani ya siku moja, na la mkononi ndilo baya zaidi. Kichaa cha mbwa, licha ya jina lake, humpata paka pia, na dalili zake zikishaanza kwa binadamu ni nadra mno mtu kupona. Uking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Na paka wa nyumbani, mkali au mpole, apelekwe akachanjwe.