Rosela Haikufikishi Kileleni

Kila mwaka Novemba ikikaribia, swali lile lile linarudi. Naulizwa sokoni Bariadi, naulizwa kwenye gari la Lamadi, naulizwa nje ya kanisa ibada ikiisha: "Dokta, tunakwenda kupanda Kilimanjaro sikukuu ya Uhuru. Tunywe nini tuongeze damu?" Mwaka huu aliyeniuliza alikuwa mwalimu wa sekondari anayefundisha baiolojia, na hapo uvumilivu ukaniishia. Nitajibu mara moja, kwa maandishi, na atakayeuliza tena nitamkabidhi gazeti.

Jibu ni: hakuna. Ugonjwa wa mlima hautokani na uchache wa damu. Miaka niliyofanya kazi Moshi nilipokea watu walioshushwa kwa machela, wengine hawajui jina lao, wengine wanakohoa povu la rangi ya waridi. Wengi wao walikuwa na damu nzuri kabisa. Walichokosa ni siku.

Najua mnachokunywa, kwa sababu mnanisimulia kwa fahari. Rosela asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Maini kila wanapochinja. Juisi ya majani ya matembele. Soda nyeusi iliyotiwa maziwa. Na kuna ndugu wanaowapora wake zao wajawazito vile vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki. Ukiwauliza sababu, hoja yao imenyooka: kule juu hewa ni chache, hewa inabebwa na damu, basi mwenye damu nyingi atabeba hewa nyingi. Ingekuwa hoja ya kipumbavu tangu mwanzo ningeiacha ijifie. Tatizo lake ni kwamba nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowapeleka watu hadi kambi ya Kibo wakiwa hawana wasiwasi wowote.

Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, sawa kabisa na hapa Bariadi. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao kule ni kama nusu ya ule wa pwani. Oksijeni haiingii kwenye damu kwa hiari yake, inasukumwa na mgandamizo huo kupita kwenye mapafu. Msukumo ukipungua, himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, inaondoka mapafuni haijajaa. Tuseme ni msimu wa pamba, na kwenye kituo cha AMCOS kila lori linaondoka na robo tatu ya mzigo kwa sababu wapakiaji ni wachache. Wewe unakodi malori zaidi! Waongeze wapakiaji kwanza.

Na mwili unafanya hivyo hivyo, bila kushauriwa na mtu. Kwenye mishipa mikubwa ya shingo kuna vipima-oksijeni vidogo. Vikiona imeshuka, vinaamuru upumue haraka na kwa kina zaidi. Hapo unakuja mkwamo ambao wanywaji wa rosela hawaujui. Ukipumua sana unapoteza kaboni dayoksaidi, damu inaegemea upande wa alkali, na ubongo unaona mambo yamezidi, unapunguza tena kasi ya kupumua. Usiku ndio utaona vizuri: mwenzako kwenye hema anapumua kwa pupa, kisha ananyamaza kabisa kwa sekunde kadhaa, kisha anashtuka na kuanza upya. Zinazoutatua mvutano huo ni figo, zinazotoa ile alkali kwenye mkojo kidogo kidogo. Kazi hiyo huchukua siku, na hakuna juisi inayoiharakisha. Kuzoea mlima, katika wiki ile mtakayokuwa kule, ni hasa kazi ya mapafu na figo.

Damu nayo ina zamu yake, lakini inachelewa mno kwa safari yenu. Homoni inayoamuru uboho utengeneze seli nyekundu hupanda ndani ya saa chache tu za kufika juu. Seli zenyewe kuongezeka kwa kiasi cha maana ni suala la wiki kadhaa. Kufikia hapo umesharudi Bariadi, umeshaonyesha picha, na umeanza kudai posho. Kuna jambo jingine linalowapa watu ushahidi wa uongo: siku za kwanza mlimani mwili hutoa maji mengi, damu inakuwa nzito, na ukipimwa HB, yaani kiwango cha himoglobini, utakuta imepanda. Seli hazijaongezeka hata moja. Sehemu ya maji ndiyo iliyopungua. Kwa hiyo anayerudi na karatasi ya maabara akaisifia rosela, anasifia kukojoa.

Tuseme basi ingewezekana kuongeza damu kwa wiki mbili. Ingekuwa kheri? Tuwaulize wanaoishi juu. Kwenye milima ya Andes, Amerika ya Kusini, wapo wakazi ambao miili yao hutengeneza seli nyekundu kupita kiasi. Damu inakuwa nzito kama uji, wanaumwa kichwa, masikio yanavuma, na moyo unachoka kuisukuma. Ugonjwa huo umepewa jina la daktari wa Peru, Carlos Monge, na miongoni mwa nafuu zake ni kumtoa mgonjwa damu au kumshusha bondeni. Sasa tazama Watibeti, wanaoishi kwenye mita 4,000 kwa vizazi na vizazi, na ndio wenye sifa ya kubeba mizigo Himalaya: himoglobini yao haiko mbali na ya mtu wa tambarare. Huku kwetu Afrika Mashariki, Waamhara wa nyanda za juu za Ethiopia, kwenye mita 3,500, nao wamekutwa hivyo hivyo. Watu waliozoea mlima kuliko sisi sote hawakuuzoea kwa kurundika damu.

Kuhusu rosela yenyewe, wekundu wake ni rangi ya ua. Si madini ya chuma, na wekundu wa glasi haugeuki wekundu wa mshipani. Soda na maziwa ni sukari na maziwa. Vidonge vya chuma ni dawa ya kweli, kwa mwenye upungufu. Asiye na upungufu atapata choo cheusi na kigumu, na mtu aliyewahi kuchuchumaa kwenye choo cha kambi ya Barafu saa tano usiku, upepo ukivuma, hawezi kumtakia hayo hata adui yake. Mrudishieni mama vidonge vyake.

Upungufu wa damu upo, tena mkoani kwetu upo mwingi: malaria, minyoo, kichocho cha mabwawa na mito tunayoijua wenyewe, hedhi nzito. Mwenye HB ya chini asipande mpaka atibiwe, na atibiwe chanzo, si kupakwa rangi. Hiyo ni kazi ya miezi, tena ya hospitali. Haihusiani na msafara wa Desemba.

Ila kuna swali moja la damu ambalo sijawahi kuulizwa na mpandaji yeyote wa Simiyu, na ndilo la pekee lenye maana: damu yangu ni ya aina gani? Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye selimundu nyingi zaidi nchini. Upimaji wa watoto wachanga uliofanywa na wataalamu wa Bugando, Mwanza, ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja. Mgonjwa wa selimundu hana kazi na Kilimanjaro, hilo halina mjadala. Aliyebeba kinasaba kimoja tu huishi maisha yake yote mzima, analima, anacheza mbina hadi alfajiri, hajui lolote. Kule juu oksijeni ikishuka, seli zake zinaweza kupinda na kuziba mishipa ya bandama. Wengi hawatapatwa na lolote, lakini anayepatwa husikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, na maumivu hayo wenzake huyaita gesi. Kipimo ni tone la damu. Mnatumia fedha nyingi zaidi kwa rosela.

Mambo mawili nayapitia mbio. La kwanza ni nguvu. Kijana aliyezoea plau na kupakia marobota anadhani mlima utamwogopa. Mlima hauulizi. Nguvu zinamwezesha kutembea haraka, na haraka ndiyo inayomwangusha. Mazoezi yanasaidia miguu, hayamkingi mtu na ugonjwa. La pili ni volkano. Ni kweli Kibo ni volkano iliyolala, na ndani ya kreta, karibu na shimo la majivu, kuna harufu ya salfa. Lakini watu wanaanza kutapika Horombo, mbali kabisa na kreta hiyo, na Everest isiyo volkano inaua kwa ugonjwa ule ule. Theluji nayo msiisingizie. Barafu ya Kibo iliyopimwa mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 yake imeshatoweka, na wapandaji wanaendelea kuumwa vile vile.

Kinachoumiza ni mwendo. Kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasizidi pale pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila siku ya tatu au ya nne upumzike. Sasa chukueni njia ya Marangu, ambayo vikundi vyetu huipenda kwa sababu ina vibanda na inaweza kumalizwa kwa siku tano: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, na usiku huo huo mnaamshwa kwenda 5,895. Mita elfu kila siku, kisha elfu na zaidi kwa usiku mmoja. Tafiti zilizofanywa mlimani humo zimekuta kati ya nusu na robo tatu ya wapandaji wakiugua kwa kiwango fulani. Wataalamu waliochunguza vifo vya watalii Kilimanjaro kuanzia 1996 hadi 2003 walihesabu 25, na 14 kati ya hivyo vilisababishwa na ugonjwa wa mlima. Hao walikuwa na bima, mabuti ya bei mbaya na madaktari wao nyumbani.

Haya, ya kufanya, maana najua nafasi inaniishia na mhariri hana huruma. Nunueni siku, si juisi: njia ya Lemosho kwa siku nane, au Machame kwa saba. Mkishikilia Marangu, lipieni siku ya sita na mlale Horombo mara mbili, mchana wa katikati mkitembea kupanda kuelekea Mawenzi na kurudi kulala chini. Mwenye muda apande kwanza Meru, mita 4,566, ashuke, apumzike, ndipo aende Kilimanjaro. Siku za mwanzo tembeeni kwa mwendo unaowaruhusu kuongea bila kukatisha sentensi. Kunyweni maji ya kutosha bila kujifurisha. Pombe na dawa za usingizi ziacheni Moshi.

Dawa ipo, inaitwa asetazolamidi, wengi wanaijua kama Diamox. Inafanya ile kazi ya figo niliyoieleza, inatoa alkali ili uendelee kupumua. Kipimo cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Mwone daktari kwanza, hasa kama Septrini au Fansidar iliwahi kukubabua ngozi, kama figo zako zina shida, au kama una mimba (na kama una mimba, kwa nini unapanda?). Vidole vitakuwa na ganzi kama ya sindano, utakojoa sana, na soda itakuwa na ladha ya ajabu. Ni kawaida.

Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaanza, usipande mita moja zaidi mpaka kiishe. Kisipoisha, shuka. Mtu anayeyumba kama mlevi, akishindwa kupita juu ya mstari ulionyooka kisigino kwa kidole, ubongo wake unavimba. Mtu anayehema akiwa amekaa, na kukohoa, mapafu yake yanajaa maji. Hao wawili hawapewi chai ya tangawizi wala hawalazwi wakasubiriwa. Wanashushwa saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku, angalau mita 500 hadi 1,000, na mtu wa kuwashika, wakiwa na oksijeni na dawa ya deksamethasoni kama msafara unazo. Kabla hamjalipa, iulizeni kampuni kama inazo, na kama mwongozaji anajua kuzitumia. Akianza kuwaelezea supu ya kitunguu saumu, tafuteni kampuni nyingine.

Mwongozaji akisema geuka, unageuka. Hata kama umebakiwa na hatua mia, hata kama mkuu wako wa kazi yuko kileleni anasubiri picha ya pamoja na bendera.