Amri Mpya katika Kiunzi cha Django: Muundo na Majina Yake

1. Utangulizi

Programu za tovuti hutumiwa kwa njia ya kurasa: msomaji huuliza, ukurasa hujibu. Hata hivyo, ziko kazi zisizofaa kupitishwa huko. Chukuliwe mfano wa kamusi iliyowekwa katika tovuti. Msomaji hutafuta neno moja moja, lakini mtunzaji wa kamusi huenda ana faili ya maneno 5000 aliyoyakusanya kwa miaka mingi, naye ataka yaingie yote kwa mara moja. Kazi hiyo hufanywa kwa amri, yaani maneno yanayoandikwa moja kwa moja kwenye mstari wa amri wa kompyuta. Makala haya yanaeleza jinsi amri mpya inavyoundwa katika Django, na kwa nini kuipa jina ni suala la lugha kama lilivyo suala la ufundi.

2. Kiunzi na amri zake

Django ni kiunzi, maana yake ni jumla ya sehemu zilizokwisha kutengenezwa ambazo mtunga programu hujenga juu yake. Kilianzishwa mwaka 2003 na Adrian Holovaty na Simon Willison katika gazeti la Lawrence Journal-World, jimbo la Kansas, Marekani, kikatolewa kwa watu wote mwaka 2005. Lugha yake ni Python. Kila mradi mpya hupewa faili iitwayo «manage.py», nayo ndiyo mlango wa amri zote. Anayeandika «python manage.py migrate» hurekebisha majedwali ya hifadhidata yapatane na programu, «createsuperuser» humwandikisha msimamizi mkuu, «help» hutoa orodha ya amri zilizopo.

3. Kuunda amri

Mradi wa Django hugawanyika katika sehemu, na kila sehemu hutajwa katika orodha ya «INSTALLED_APPS». Ndani ya mojawapo ya sehemu hizo huwekwa folda «management», na ndani yake folda «commands». Faili inayotiwa humo ndiyo inayoipa amri jina: «ingiza_maneno.py» huzaa amri «ingiza_maneno».

Ndani ya faili huandikwa klasi iitwayo «Command», inayorithi tabia za «BaseCommand». Klasi hiyo kwa kawaida ina viungo viwili. Cha kwanza, «add_arguments», hutaja mambo ambayo amri itapokea, kwa mfano jina la faili ya maneno. Cha pili, «handle», hubeba kazi yenyewe: kufungua faili, kusoma kila mstari, kuhifadhi kila neno. Likitokea jambo lisilowezekana, mtunzi huita «CommandError»; hapo kazi hukatizwa na ujumbe wa kosa huonyeshwa.

4. Nguvu ya amri na hatari yake

Ukurasa wa tovuti huweza kumtaka mtu ajitambulishe kabla ya kumruhusu kubadili neno. Amri haipiti katika lango hilo: yeyote awezaye kufikia mstari wa amri wa kompyuta yenye mradi huweza kuitoa. Tena, kama kosa likitokea kwenye neno la 3000, yale 2999 yaliyotangulia hubaki yamehifadhiwa, na faili ikirudiwa huingia mara mbili, isipokuwa programu imeandikwa kuzuia marudio. Dawa yake ni kuifunga kazi yote ndani ya «transaction.atomic», ili maneno yaingie yote au lisiingie hata moja.

Amri «flush» ya Django yenyewe hufuta data zote za hifadhidata na kuacha majedwali matupu. Kwa sababu hiyo huuliza kwanza, na hungoja jibu kabla ya kutenda. Amri ya mtunzi haiulizi lolote ila yeye mwenyewe aandike swali hilo.

5. Jina la amri

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Kitenzi cha Kibantu katika hali ya kuamuru ni kifupi, na hati ya Kiswahili haina alama za juu ya herufi. Hivyo «ingiza» na «futa» huandikwa bila taabu. Lakini si kila kitenzi hutosha peke yake. «Hesabu» na «panga» ni vitenzi, na ni nomino vilevile. «Hesabu_maneno» na «panga_maneno» huondoa utata huo.

Ukanushi nao una nafasi yake. Mtunzi aweza kuongeza chaguo «--usihifadhi», ambalo huifanya amri isome faili na kutaja makosa bila kubadili hifadhidata, mradi ameliandikia masharti hayo ndani ya «handle». Anayesoma «ingiza_maneno --usihifadhi» huelewa mara moja kwamba anajaribu tu.

Uzito wa suala huonekana zaidi katika kufuta. Amri ya kuondoa maneno yote ikiitwa «safisha», msaidizi mgeni huweza kudhani kwamba inaondoa makosa ya tahajia, akaitumia kwa nia njema na kupoteza kazi ya miaka. Ikiitwa «futa_maneno_yote», jina lenyewe humwonya.

6. Hitimisho

Kuunda amri katika Django kwahitaji folda mbili, faili moja na klasi moja. Kompyuta hulipokea jina lolote lililoandikwa sawasawa. Ni binadamu anayehitaji jina linalosema kweli juu ya kitakachotendeka. Kwa hiyo swali la kuthibitisha, chaguo la kujaribu na kitenzi kilichochaguliwa kwa makini ni sehemu ya amri yenyewe, wala si mapambo yake.