Kuishi imani: kitenzi -ishi katika mahubiri ya mwaka wa Liturujia

Katika parokia za Mbeya na Iringa, kama kwingine nchini Tanzania, si jambo geni padre kuhitimisha mahubiri ya Dominika kwa kuwahimiza waamini "kuishi imani". Maneno ni mawili tu, na aliyeketi kanisani huyaelewa bila kuelezwa. Yanapotoka mimbarini na kuingia katika maandishi, huanza kuzua maswali. Mwalimu wa sarufi akiyakuta katika insha huweza kuyakosoa kwa hoja kwamba -ishi ni kitenzi kisichochukua yambwa: mtu huishi mahali, huishi kwa muda, huishi kwa namna fulani, lakini haishi kitu. Mfasiri naye huchagua kati ya "kuishi imani", "kuishi kwa imani" na "kuishi katika imani" kana kwamba ni kauli moja yenye sura tatu. Ukweli ni kwamba hizo ni kauli tatu zenye maana tofauti, na mwaka wa Liturujia, jinsi unavyohubiriwa katika Nyanda za Juu Kusini, husaidia kuzitenganisha. Sentensi za mfano zilizomo humu zimetungwa kwa ajili ya maelezo.

Mimbari na lugha yake

Nyanda za Juu Kusini zina lugha nyingi za nyumbani, zikiwamo Kihehe, Kibena, Kinyakyusa na Kisafwa. Ukatoliki nao uliletwa huko na mashirika tofauti: Wabenedikto kutoka Ujerumani na baada yao Wakonsolata kutoka Italia katika eneo la Iringa, na Mapadre Weupe katika eneo la Mbeya. Iringa na Mbeya zote zilifanywa majimbo mwaka 1953, na mwaka 2018 Mbeya ikapandishwa kuwa Jimbo Kuu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulifungua mlango kwa lugha za watu katika ibada. Kwa waamini wa Tanzania, Kiswahili ndicho kilichopokea sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ya Kilatini.

Hati hiyohiyo inaihesabu homilia kuwa sehemu ya Liturujia yenyewe. Hapa pana tofauti ambayo kamusi nyingi hazionyeshi. "Mahubiri" ni neno la jumla, lenye asili moja na "habari" katika Kiarabu, nalo hutumika katika madhehebu yote: Mlutheri wa usharika wa Iringa na Mmoraviani wa Rungwe husikiliza mahubiri kama Mkatoliki. "Homilia" ni neno la Kigiriki lililokuwa na maana ya mazungumzo. Kwa Wakatoliki hutaja mahubiri yanayotolewa ndani ya Misa baada ya Injili, na sheria ya Kanisa imeyahifadhi kwa askofu, padre na shemasi. Katekista anayeongoza ibada ya Neno kigangoni siku ambayo padre hajafika hutoa mahubiri, mafundisho au tafakari. Mfasiri akiyaita maneno ya katekista huyo "homilia", amempa cheo asicho nacho.

Sarufi ya -ishi

Kitenzi -ishi kimetoka Kiarabu, pamoja na nomino "maisha" ya mzizi uleule. Matumizi yake ya msingi huhitaji mahali, muda au namna: "Anaishi Mafinga", "Aliishi miaka themanini", "Wanaishi kwa amani". Hata hivyo, tangu zamani kitenzi hiki kimekubali yambwa moja, nayo ni nomino ya ukoo wake: "kuishi maisha mema". Mlango huo mdogo ndio uliopitiwa na lugha ya Kanisa. Kutoka "kuishi maisha ya Kikristo" hadi "kuishi Ukristo", "kuishi Injili", "kuishi wito" na "kuishi imani" ni hatua fupi.

Kipimo cha kirejeshi huthibitisha kwamba "imani" hapa ni yambwa halisi. Husemwa "imani tunayoiishi", kwa kiambishi cha yambwa -i-, sawa na "maisha tunayoyaishi". Mahali hapakubali ujenzi huo: hakuna anayesema "Iringa tunayoiishi" akimaanisha makazi, atasema "Iringa tunakoishi". Kwa hiyo hoja kwamba -ishi hakichukui yambwa kamwe haina nguvu. Kinachukua yambwa, ila katika uwanja mwembamba wa mambo ambayo mtu huyageuza kuwa mwenendo wake.

Tofauti ya kauli tatu inaonekana hapo. "Kuishi kwa imani" huifanya imani kuwa nguvu au tegemeo: mtu anaendelea kuishi kwa sababu anaamini. "Kuishi katika imani" huifanya imani kuwa makao: mtu amebaki ndani yake, hajaiacha. "Kuishi imani" huifanya imani kuwa kitu kinachotendwa: kile anachokiri kanisani kinaonekana sokoni, shambani na nyumbani. Kauli mbili za kwanza zinaweza kuwa kweli kwa mtu mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani. Ya tatu hudai tendo ambalo jirani anaweza kuliona, liwe dogo namna gani.

Mwaka wa Liturujia na mwaka wa shamba

Mhubiri hadai tendo hilo hewani. Hulidai ndani ya kipindi cha Kanisa, na msikilizaji hulipokea ndani ya msimu wa kilimo. Sehemu kubwa ya Mbeya na Iringa ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kukoma Aprili au Mei.

Mwaka wa Kanisa huanza na Majilio, majuma manne kuelekea Noeli. Neno hili limeundwa kwa kitenzi cha Kibantu -ja katika kauli ya kutendea, -jilia, yaani kumjia mtu. Lina ubora ambao neno la kukopa lisingekuwa nalo: msikilizaji anasikia ndani yake kwamba kuna anayekuja na kuna anayejiwa. Dominika ya pili ya Majilio, inayoangukia kati ya tarehe 4 na 10 Desemba, Injili humleta Yohane Mbatizaji akitaka njia ya Bwana itayarishwe. Siku hizo mkulima wa Mbozi au Kilolo anahangaika na shamba lake. Kitenzi "kuandaa" kinatosha kwa yote mawili, njia na shamba, na mhubiri hana haja ya kutafuta tamathali mbali. Kuishi imani katika Majilio ni kuandaa kabla ya kuona.

Kwaresima ni neno la aina nyingine. Limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya "ya arobaini", na kwa Mswahili halifumbuki lenyewe. Ndiyo maana husindikizwa mara nyingi na maelezo "siku arobaini". Huanza Jumatano ya Majivu, ambayo haiwi kabla ya tarehe 4 Februari wala baada ya tarehe 10 Machi. Kwa kaya nyingi za wakulima huo ni wakati mgumu: mahindi mapya bado yako shambani na akiba ya mwaka uliopita imepungua. Hapo tofauti ya maneno inakuwa tofauti ya haki. Anayekosa chakula "anashinda njaa". Anayekiacha kwa hiari "anafunga". Mhubiri akiwahimiza watu kufunga bila kutenganisha vitenzi hivi, humwambia mwenye njaa kwamba njaa yake ni ibada. Somo kutoka sura ya 58 ya Isaya, linalosomwa Ijumaa baada ya Jumatano ya Majivu, huondoa utata huo kwa kuifunganisha saumu na kumgawia mwenye njaa chakula.

Neno "sadaka" nalo huhitaji uangalizi katika kipindi hicho. Lina maana tatu kwa Mkatoliki: mchango unaokusanywa kanisani, msaada anaopewa maskini, na sadaka ya Misa yenyewe. Mtu asemaye "Kwaresima hii tutoe sadaka" hajajulikana amekusudia ipi. Anayetafsiri homilia ya Kwaresima aangalie mkabala: panapotajwa maskini, "sadaka kwa wahitaji" ni salama zaidi kuliko "sadaka" peke yake.

Baada ya Pasaka na Pentekoste hurejea kipindi ambacho Kilatini hukiita kwa maneno yenye maana ya "katika mwaka". Kiswahili kina majina mawili: "Kipindi cha Kawaida" na, katika kuhesabu Dominika, "ya Mwaka". Yote mawili yana mtego. "Kawaida" limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kanuni au misingi, lakini leo hueleweka kama jambo lisilo na upekee, na msikilizaji huweza kudhani kwamba Kanisa limepumzika. "Dominika ya 15 ya Mwaka A" nayo hufasiriwa kimakosa kuwa ya kumi na tano kuhesabu kutoka Majilio. Dominika hiyo ingekuwa mwanzoni mwa Machi, mara nyingi ndani ya Kwaresima. Dominika ya 15 ya Mwaka, kwa hesabu ya Liturujia, huja kati ya tarehe 10 na 16 Julai. Herufi A huonyesha mwaka wa kwanza wa mzunguko wa masomo wa miaka mitatu, ambao Injili yake kuu ni ya Mathayo.

Injili ya Dominika hiyo katika Mwaka A ni mfano wa mpanzi. Yaani kwa wakulima wa Nyanda za Juu Kusini mpanzi anatoka kupanda katikati ya mavuno! Tena mbegu zake zinaanguka njiani na kwenye mawe, jambo la ajabu kwa mtu anayepanda mahindi kwa mistari na kuhesabu punje katika kila shimo. Tafsiri husema "kupanda", na kitenzi hicho hakionyeshi mkono unaorusha. Mhubiri anayekumbusha jinsi ulezi unavyopandwa kwa kumwaga mbegu huurudishia mfano mantiki yake. Na Julai, ambapo kila mtu anaona shamba lipi limezaa na lipi halikuzaa, ndipo swali la kuishi imani linapouma: mbegu ilisikika mwaka mzima, mavuno yako wapi?

Mitego miwili ya umbo

Kiswahili kina -ishi cha Kiarabu, yaani kuwa hai au kukaa, na -isha cha Kibantu, yaani kufikia mwisho. Katika wakati uliopo wa kukanusha, -isha hubadili irabu yake ya mwisho kuwa -i, ilhali -ishi hubaki kama kilivyo. Matokeo yake ni kwamba "imani haiishi" ina maana mbili zinazopingana: imani haina mwisho, au imani haina uhai. Kwa sauti hakuna tofauti, na kwa maandishi pia hakuna. Anayekusudia ya kwanza aandike "imani haikomi"; anayekusudia ya pili aandike "imani haina uhai" au "imani imekufa". Mahubiri yana njia nyingine iliyo wazi, kauli ya kutendea: "Imani haiishii mlangoni mwa kanisa."

Mtego wa pili ni kauli ya kutendwa. Kanuni ingetoa -ishiwa kutokana na -ishi, lakini umbo hilo limekwisha kumilikiwa na -isha: "Tumeishiwa unga." Kwa hiyo mfasiri anayetafuta kivumishi cha imani iliyogeuzwa matendo asiandike "imani iliyoishiwa". Msomaji ataelewa imani iliyopungukiwa, kinyume kabisa cha kilichokusudiwa. Yafaa "imani tunayoiishi", "imani hai" au "imani inayoonekana katika matendo".

Ushauri wa matumizi

Mwalimu asikate "kuishi imani" katika insha kwa sababu ya sarufi peke yake. Ni kauli sahihi katika rejista ya dini, nayo imeanza kuenea nje yake, kama katika "kuishi ndoto" na "kuishi maadili". Anachoweza kudai kwa haki ni mwanafunzi aonyeshe tendo linalokusudiwa. "Tuishi imani yetu" pasipo mfano ni wito usio na anwani. "Tuishi imani yetu kwa kumgawia unga jirani aliyeishiwa" una anwani, na vitenzi vyake viwili, -ishi na -isha, vimekaa kila kimoja mahali pake.