Ushirikishaji wa Muktadha Baina ya Fanksheni Unganishi: Mfano wa Maktaba ya Vue

Fanksheni unganishi ni fanksheni ndogo inayobeba mantiki ya jambo moja, nayo huitwa ndani ya nyingine ili kujenga kazi kubwa zaidi. Makala haya yanachunguza swali moja: fanksheni hiyo hujuaje kuwa inatumikia kijenzi kipi cha ukurasa, ilhali haikupewa taarifa hiyo kama hoja?

Vue 3, iliyotolewa mwaka 2020, hutumia kibadilika kimoja cha ndani. Maktaba inapoanza kutekeleza setup ya kijenzi, hukiweka kijenzi hicho katika kibadilika. Inject na onMounted hukisoma humo. Kisha setup inapomaliza, kibadilika hurudishwa kama kilivyokuwa. Utaratibu huu ni salama kwa kuwa JavaScript hutekeleza kipande kimoja cha msimbo hadi mwisho kabla ya kuanza kingine.

Usalama huo hukoma penye await. Neno hili husimamisha fanksheni hadi jibu lipatikane, na wakati huo kazi nyingine huendelea. Fanksheni inaporejea, inject haikioni tena kijenzi chake.

Hatari ni kubwa zaidi kwenye seva. Tuchukulie duka la mtandaoni ambalo mwandishi wake ameiga mbinu hii, akamhifadhi mteja wa sasa katika kibadilika kinachotumiwa na maombi yote. Ombi la mteja wa kwanza linaandika jina lake, kisha linasubiri hifadhidata. Ombi la mteja wa pili linaingia na kuandika juu yake. La kwanza linaporejea, linasoma jina la pili, na mteja wa kwanza anaonyeshwa oda zisizo zake. Kosa hili halijitokezi katika majaribio ya mtumiaji mmoja. Hujitokeza maombi yanapopishana.

Suluhisho ni tatu. Kwanza, muktadha upitishwe waziwazi kama hoja. Njia hii haina utata, ingawa hurefusha msimbo. Pili, kompaila ya Vue huurejesha muktadha baada ya await iliyoandikwa moja kwa moja katika script setup. Hata hivyo, haifanyi hivyo kwa await iliyo ndani ya fanksheni unganishi yenyewe. Tatu, Node.js ina AsyncLocalStorage, iliyoanza katika toleo la 13.10.0 na kuthibitishwa kuwa imara katika 16.4.0. Hiyo huambatanisha muktadha na mfuatano mzima wa kazi za ombi, hata baada ya kusubiri, lakini haipatikani katika vivinjari.

Kwa hiyo, fanksheni unganishi isome muktadha kabla ya await ya kwanza na kuuhifadhi katika kibadilika chake yenyewe. Kwenye seva, taarifa za mtumiaji zisiwekwe kamwe katika kibadilika cha pamoja. Wepesi wa kuandika msimbo haupaswi kununuliwa kwa faragha ya mtumiaji.