Kwa Nini Mche Mdogo wa Nyanya Hushindwa na Ukungu?



Wanafunzi wapendwa, wazazi na walezi, wamo miongoni mwetu wanaonunuliwa sare na madaftari kwa pesa za nyanya. Kwa hiyo ugonjwa wa bakajani chelewa, ambao wengi huuita ukungu, unatuhusu.

Masika moja mimi na jirani tulinunua pamoja mbegu iliyoandikwa kwenye pakiti kuwa inastahimili ukungu. Yeye aliwahi kupanda, mimi nikachelewa. Mvua ilipozidi, miche yangu ikageuka myeusi na kufa. Mimea yake mikubwa ikapata madoa machache tu. Je, mbegu ilitudanganya?

Hebu kwanza tumjue adui. Ugonjwa huu huletwa na kiumbe kidogo kiitwacho Phytophthora infestans. Hupenda baridi na majani yaliyolowa. Ndicho kilichoharibu viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi.

Nyanya mwitu za Amerika ya Kusini zina jeni za kupambana nacho. Jeni ni maagizo ambayo mmea huyarithi kupitia mbegu. Wataalamu wamezihamisha kwenye nyanya zetu kwa kuzichavusha pamoja. Mashuhuri ni tatu:

1. Ph-1, ambayo adui alikwisha kuishinda.
2. Ph-2, ambayo hupunguza kasi ya ugonjwa bila kuuzuia kabisa.
3. Ph-3, yenye nguvu zaidi. Watafiti waliitambua barabara mwaka 2014.

Ph-3 hutengeneza protini iliyo mfano wa mlinzi wa usiku. Ikigundua dalili za adui, seli iliyovamiwa hujiua. Adui, ambaye mwanzoni hula seli zilizo hai, hukosa chakula na kukwama hapo hapo.

Sasa turudi kwenye swali letu. Jeni hiyo imo tangu kwenye mbegu, lakini mche wenye majani mawili matatu bado huugua kwa urahisi. Kadiri majani yanavyoongezeka, ndivyo mmea unavyozidi kuweza kujihami. Basi mbegu haikudanganya. Mimi ndiye niliyeiachia vita kabla haijakomaa.

Lakini tusikosee: nyanya isiyo na jeni hizi haipati kinga hii kwa kukua tu. Bakajani huua hata mmea wenye matunda. Tena zipo aina za adui zinazoishinda Ph-3 ikiwa peke yake, ndiyo maana mbegu nyingine huunganishwa Ph-2 na Ph-3.

Kwa hiyo, hata ukiwa na mbegu bora, linda kitalu. Usibananishe miche. Mwagilia asubuhi, kwenye udongo na si juu ya majani. Ng'oa mche ulioanza kuugua na uufukie mbali. Pandikiza miche iliyokwisha kupata nguvu.