Haki ya Shamba Haijilindi Yenyewe

Kaskazini mwa Uskoti, katika nyanda za juu na visiwani, maelfu ya familia huishi kwenye mashamba madogo yaitwayo krofti: nyumba, vipande vichache vya kulima na fungu katika malisho ya pamoja. Mtu wa mbali anaweza kudhani kwamba adui wa mkulima wa huko ni baridi na udongo dhaifu, lakini historia yake inaonyesha adui mwingine. Katika karne ya 18 na ya 19 familia nyingi zilihamishwa kwa nguvu kupisha ufugaji wa kondoo, kwa kuwa hazikuwa na haki yoyote ya kudai mbele ya mwenye ardhi. Mwaka 1882, wakulima wa Braes, katika kisiwa cha Skye, walidai malisho ya mlima Ben Lee na kugoma kulipa kodi ya pango. Hati za kuwafukuza zilipoletwa zilichomwa moto, na polisi wapatao 50 waliotumwa kutoka Glasgow walipokewa kwa mawe, wanawake wakiwa mstari wa mbele. Mwaka uliofuata tume ya serikali chini ya Lord Napier ilifika Braes kusikiliza malalamiko. Shahidi wa kwanza, Angus Stewart, aliomba kwanza ahakikishiwe kwamba hatafukuzwa kwa yale atakayoyasema. Kijiji chenye hofu ya namna hiyo hakiwezi kuendelea, kwani hakuna atakayejenga nyumba imara wala kuchimba mtaro wa maji kwenye ardhi anayoweza kunyang'anywa kesho.

Sheria ya mwaka 1886 iliiondoa hofu hiyo. Ilimpa mkulima usalama wa kukaa, kodi ya haki iliyopangwa na tume mpya, fidia ya alichokiendeleza, na ruhusa ya kuirithisha krofti kwa ndugu. Huo ndio msingi uliozifanya jamii hizo zisitoweke. Hata hivyo haki hizo zina masharti, na asiyeyajua anaweza kuzipoteza. Aliyeachiwa krofti kwa wosia hupaswa kumtaarifu mwenye ardhi ndani ya miezi 12 tangu kifo. Akichelewa, kipengele hicho cha wosia hubatilika. Mkulima anatakiwa kuishi ndani ya kilomita 32 kutoka kwenye krofti yake, na kuitumia bila kuitelekeza. Akiinunua, si lazima fungu lake la malisho liingie kwenye hati ya umiliki, hivyo anaweza kuiuza ardhi na mnunuzi akagundua baadaye kwamba malisho hayamo. Mpangaji pia hawezi kuweka rehani ardhi isiyo yake, kwa hiyo anayetaka mkopo wa nyumba mara nyingi hununua kiwanja na kuomba kitolewe kwenye utaratibu wa krofti. Mambo yote haya ni ya kawaida katika maisha ya familia, na kila moja linaweza kuharibika kwa sababu hakuna aliyeuliza mapema.

Ushauri wa sheria pia humpa mnyonge nguvu ya kujadiliana. Kampuni ya Uswidi iliyomiliki North Lochinver, katika eneo la Assynt, ilipofilisika, ardhi ilitangazwa kuuzwa vipande vipande. Sheria ya mwaka 1976 ilikuwa imempa kila mpangaji haki ya kununua krofti yake kwa mara 15 ya kodi ya mwaka. Wakulima wa Assynt waliitumia haki hiyo kama silaha ya mazungumzo, maana kama kila mmoja angenunua sehemu yake kwa bei ya sheria, mnunuzi mwingine angebaki na nini? Mwaka 1993 walinunua kwa pamoja ekari zipatazo 21,000 kwa pauni 300,000. Fedha walichangisha, lakini bila mtu wa kuwasomea sheria vizuri wasingejua kwamba mkononi mwao mna karata.

Wapo wasemao kwamba fedha za umma zingefaa zaidi kwenye barabara na madaraja kuliko kwa mawakili. Barabara ni muhimu, lakini faida yake humfikia mkulima aliye na uhakika wa kubaki. Wengine husema dawa ni kurahisisha sheria. Nakubali kwamba irahisishwe, lakini marekebisho makubwa ya 1976, 2003 na 2010 yaliongeza haki na wajibu pamoja, na mkulima hawezi kusubiri sheria nyepesi huku miezi 12 ikihesabika. Wapo pia wanaoona kwamba kuipa jamii haki ya kununua ardhi hata mmiliki asipotaka kuuza, kama ilivyofanya sheria ya 2003, ni dhuluma kwake. Hoja hiyo ilifikishwa mahakamani katika shauri la Pairc, kisiwani Lewis. Mwaka 2012 mahakama iliamua kwamba sheria hiyo haivunji haki za mmiliki, na mwaka 2015 ardhi ikaingia mikononi mwa jamii.

Kwa hiyo anayetaka kuendeleza vijiji hana budi kuuhesabu ushauri wa sheria kuwa sehemu ya kazi hiyo, upatikane karibu na kwa gharama ambayo mkulima ataimudu. Nawe msomaji mwenye shamba la ukoo, usingoje mgogoro: uliza leo jina la nani limeandikwa, mipaka iko wapi, na mrithi anatakiwa kufanya nini kabla muda haujampita.