Jiwe Gumu na Jiwe Laini katika Kuta za Kilwa

Atazamaye magofu ya Kilwa Kisiwani, kusini mwa pwani ya Tanzania, huona kwamba mawe ya ukutani hayalingani. Moja ni kubwa, jingine dogo, na nyuso zake zimesawazishwa kwa nyundo tu. Je, waashi wa kale hawakujua kuchonga? La, hasha. Katika miimo ya milango na mihrabu za misikiti mna mawe yaliyochongwa kwa ustadi mkubwa. Tofauti hiyo yatokana na aina mbili za matumbawe.

Aina ya kwanza ni matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba na kubaki nchi kavu. Ni magumu, na kuyalainisha ni kazi ndefu. Kwa hiyo mwashi aliyavunja, akayasawazisha kijuujuu, kisha akayapanga ndani ya chokaa. Ukwaruzi wa jiwe ulikuwa faida, kwani chokaa hushika vizuri zaidi mahali pasipo laini. Lipu ikaficha yaliyosalia. Aina ya pili, iitwayo kitaalamu Porites, ilikatwa baharini. Ikiwa mbichi huchongeka kwa urahisi. Ikikauka huwa ngumu.

Matumbawe hayo hasa ni kalsiamu kabonati. Yakichomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi za Sentigredi, hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi na kuacha chokaa. Chokaa hiyo ikizimwa kwa maji na kutiwa ukutani, hufyonza polepole gesi ile ile kutoka hewani na kuwa kalsiamu kabonati tena. Hivyo jiwe na kiungo chake huwa na asili moja.

Hapo ndipo penye hatari katika ukarabati. Saruji ni ngumu kuliko chokaa, na haipitishi unyevu kwa urahisi. Ikipakwa juu ya ukuta wa namna hii, unyevu wenye chumvi hubaki ndani. Fuwele za chumvi hukua matunduni, na jiwe humomonyoka nyuma ya lipu ionekanayo nzima. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yalihesabiwa kuwa hatarini kuanzia 2004 hadi 2014.

Mwanafunzi aweza kuanza utafiti kwa tone la ndimu juu ya kipande cha tumbawe kilichookotwa ufukoni: povu litokealo ni kaboni dayoksaidi. Kipande hicho kisitolewe kamwe katika gofu. Ukuta uliosimama karne nyingi haustahili kubomolewa kwa ajili ya jaribio la dakika moja.